Bima Ilimlipa Nani? Stori ya Meli ya Zong na Mtu wa Tatu

Anti yangu ana faili moja ya kaki ambayo amekuwa akiiweka chini ya godoro kwa miaka. Ndani kuna abstrakti ya polisi, fomu ya P3, risiti za hospitali, picha mbili za eksirei na barua kadhaa za wakili. Aliumia mguu kwa ajali ya matatu akienda kazini asubuhi na mapema, kutoka Eastlands kuelekea tao. Korti ilisikiza kesi, ikaona dereva alikuwa na makosa, ikasema alipwe. Mpaka leo hajaona hata shilingi. Kampuni ya bima ya ile matatu ilianza kwa kusema karatasi hazijatimia. Baadaye ikasema inachunguza. Halafu siku moja ikawekwa chini ya msimamizi, na simu zikaacha kushikwa.

Juzi akaniita jikoni. "Wewe si kila siku uko kwa mtandao ukielezea watu historia? Haya, nielezee hii. Mimi niliumia. Hakimu amesema nilipwe. Na huyo mwenye pesa anasema hanijui. Hanijui aje?"

Nilimwambia nitaangalia. Nikadhani ni kitu ya dakika kumi. Nikajikuta nimekesha nikisoma kuhusu meli iliyosafiri mwaka 1781, na nikagundua hilo neno "hanijui" lina miaka mingi kuliko Kenya yenyewe. So leo hakuna siasa wala mpira. Leo tunaongea bima. Usitoroke, hii stori ni nzito na inakuhusu kila siku unapopanda mat.

Kwanza, tuelewane

Bima kwa lugha rahisi ni mchango. Watu wengi wanatoa kidogo kidogo, na yule atakayepatwa na hasara analipwa kutoka kwa ule mfuko. Ni kama chama, tofauti ni kwamba kwa chama mnajuana na kwa bima hamjuani. Kwa sababu hamjuani, kila kitu kinaandikwa: hasara gani inalipwa, gani hailipwi, nani anathibitisha, na ndani ya siku ngapi. Siku ya kulipa ada karibu hakuna mtu husoma hayo maandishi. Siku ya kudai ndiyo kila neno huamka.

Mtu anayepokea madai kwa ofisi ya bima ana maswali yake. Je, hiki kitu kilikuwa na bima siku hiyo? Kilichosababisha hasara ni mojawapo ya mambo tuliyokubaliana? Hasara yenyewe ni pesa ngapi? Na una ushahidi gani? Sisi huona haya maswali kama usumbufu, lakini bila hayo ule mfuko ungeisha kwa mwezi mmoja. Wako watu huchoma duka lao usiku, na wako abiria huonekana kwa orodha ya majeruhi na hawakuwa ndani ya gari.

Kwa hivyo kampuni ya bima kuuliza maswali si dhambi. Shida ni nani anaulizwa, na nani hayuko kwa chumba wakati maswali yanaulizwa. Hapo ndipo Zong inaingia.

Meli iliyoitwa Kujali

Meli yenyewe ilikuwa ya Waholanzi na jina lake la kwanza lilikuwa Zorg. Kwa Kiholanzi, hilo neno linamaanisha kujali, kutunza. Februari 1781 Waingereza waliiteka kwenye pwani ya Afrika Magharibi, ikiwa tayari na Waafrika 244 ndani. Mwezi uliofuata ikanunuliwa kwa niaba ya wafanyabiashara wa Liverpool. Mmoja wao alikuwa William Gregson, ambaye aliwahi kuwa meya wa huo mji. Jina likawa Zong.

Nahodha aliyepewa kazi aliitwa Luke Collingwood. Kabla ya hapo alikuwa daktari wa meli. Hakuwa amewahi kuongoza meli hata moja.

Tarehe 18 Agosti 1781 meli ikaondoka Accra na watu 442 waliofungwa minyororo. Hiyo ilikuwa idadi kubwa sana kwa meli ya ukubwa ule, na mabaharia walikuwa 17 tu. Wiki zikapita. Ugonjwa ukaingia. Kufikia mwisho wa Novemba zaidi ya Waafrika 60 walikuwa wamekufa, na mabaharia saba pia. Halafu likatokea kosa la kitoto: waliiona Jamaica, walikokuwa wanaenda, wakadhani ni kisiwa kingine, wakapita. Kugundua kosa, wako mbali na upepo unawapinga.

Hapa ndipo hesabu ya bima inaanza, na nataka uisome polepole.

Katika biashara ile, watu waliokuwa ndani ya meli waliandikwa kwenye mkataba wa bima kama mali. Na mali ina kanuni zake. Kitabu cha sheria za bima kilichochapishwa London mwaka huohuo wa 1781 kilieleza wazi: mtumwa akifa kifo cha kawaida, bima hailipi. Na kifo cha kawaida kilihesabu mpaka ugonjwa, mpaka mtu aliyejiua kwa kukata tamaa. Lakini akiuawa au kutupwa baharini ili kuzima uasi, bima inalipa.

Kulikuwa pia na desturi ya kale ya bahari. Dhoruba ikija na meli iko karibu kuzama, unaruhusiwa kutupa sehemu ya mizigo ili kuokoa iliyobaki, na hiyo hasara inalipwa, kwa sharti moja: iwe ulilazimika kabisa.

Sasa weka hayo mawili pamoja. Mgonjwa akifia ndani ya Zong, wenye meli hawapati kitu. Akitupwa baharini "kwa lazima", wanadai pauni 30.

Tarehe 29 Novemba 1781 walianza kutupa watu. Siku hiyo walikuwa wanawake na watoto 54, waliosukumwa kupitia madirisha ya meli. Tarehe 1 Desemba wakafuata wanaume 42. Siku zilizofuata wakatupa wengine. Kumi walijirusha wenyewe kuliko kungoja kusukumwa. Inasimuliwa kwamba mmoja wa waliotupwa alishika kamba akapanda tena melini. Kwa jumla zaidi ya watu 130 waliangamia.

Tarehe 22 Desemba meli ikafika Jamaica na watu 208 walio hai. Collingwood akafa muda mfupi baadaye. Na daftari la safari, kile kitabu ambacho kila nahodha anaandika kila siku upepo, maji, vifo, kikapotea. Hakikuonekana tena.

Fomu ya madai inafika kwa meza

Wenye meli walipopata habari, walifanya kile mtu yeyote mwenye bima hufanya. Wakapeleka madai. Kila aliyetupwa, pauni 30. Sababu waliyoandika: upepo mbaya na mikondo ya bahari vilichelewesha meli, maji ya kunywa yakaisha, tukalazimika.

Kampuni za bima zikakataa kulipa.

Hapa nilisimama kidogo. Akili yangu ilitaka kupata shujaa, ikaona hawa ndio wameleta ubinadamu. Pole. Walikataa kwa sababu ya pesa zao. Lakini wangekuwa wamelipa kimya kimya, kwa barua na hundi, mimi na wewe hatungekuwa tunajua jina la Zong leo. Hakuna polisi aliyechunguza. Hakuna nahodha aliyekamatwa. Yale mauaji yalijulikana kwa sababu tu kulikuwa na ubishi wa nani alipie.

Machi 1783 kesi ikasikizwa Guildhall, London. Wenye meli dhidi ya wenye bima, Gregson dhidi ya Gilbert. Jopo la raia likasikiza, likaamua wenye meli walipwe. Kwao ilikuwa kesi ya mizigo.

Barua isiyo na jina ikatokea kwenye gazeti ikieleza yaliyosemwa mahakamani. Tarehe 19 Machi, Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa na akajinunulia uhuru wake mwaka 1766, akaenda kwa Granville Sharp kumwambia. Sharp alikuwa Mwingereza aliyepigania watumwa mahakamani kwa miaka. Akatafuta mtu wa kuandika kila neno la kikao kitakachofuata. Tunachojua kuhusu kikao hicho, sehemu kubwa kinatoka kwa yale maandishi.

Mei 1783 wenye bima wakaomba kesi irudiwe. Jaji alikuwa Lord Mansfield, na huyu ni muhimu. Mwaka 1766 yeye ndiye aliyeweka kanuni ambayo mpaka leo iko kwenye sheria ya bima, hata ya huku kwetu: pande zote mbili lazima ziwe na nia njema kabisa, mwenye kukata bima asifiche kitu kinachojalisha. Ukijaza fomu ya bima leo na kuulizwa kama una ugonjwa wowote, unamjibu Mansfield.

Mawakili wa bima wakafanya kazi ya kawaida ya kuchunguza madai. Maji yalikuwa kiasi gani? Wakaonyesha kwamba meli ilifika Jamaica na galoni 420 za maji. Je, mlipunguza kwanza kipimo cha maji kwa kila mtu? Hakuna aliyekuwa amepunguziwa. Mvua je? Ilinyesha kabla ya kundi la mwisho kutupwa. Na kilichochelewesha meli ni bahari kweli, au ni nahodha aliyeshindwa kutambua kisiwa? Kwa sababu bima ilikuwa ya hatari za bahari, si ya uzembe wa nahodha.

Mawakili haohao wakasema pia kwamba kutupa watu hai ni kinyume cha ubinadamu. Wakili wa wenye meli, John Lee, ambaye alikuwa pia mwanasheria mkubwa wa serikali, akajibu kwamba hapo hakuna cha mauaji, wale walikuwa mali. Mansfield mwenyewe alikiri kwamba kwa macho ya sheria ya wakati ule, kesi ilikuwa sawa na ya farasi waliotupwa baharini.

Uamuzi: kesi irudiwe, kwa sababu hiyo "lazima" haikuthibitishwa. Hakuna rekodi inayoonyesha kwamba ilirudiwa. Sharp akaandikia wakuu wa jeshi la majini akiomba waliohusika washtakiwe kwa mauaji. Hakuna aliyeshtakiwa.

Nimefikiria sana kuhusu kile chumba. Wenye meli walikuwa pale. Wenye bima walikuwa pale. Mawakili, majaji, mwandishi wa Sharp, wote pale. Kila swali ambalo mchunguzi wa bima anapaswa kuuliza liliulizwa, na liliulizwa vizuri. Ni swali moja tu halikuwa na pa kukaa: hawa waliokufa, nani anawadaia? Hawakuwa upande wowote wa mkataba. Ndani ya mkataba waliandikwa kama bidhaa.

Fidia ikaenda wapi

Zong haikumaliza utumwa, wacha nisidanganye. Lakini iliwaamsha watu. Mwaka 1787 kikaundwa chama cha kupinga biashara ya watumwa, Sharp akiwa ndani. Equiano akachapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1789. Kuanzia 1788 Bunge la Uingereza likaanza kuwekea mipaka bima ya aina ile, na ndani ya miaka ya 1790 sheria ikafunga kabisa mlango wa kudai pesa kwa mtu aliyetupwa baharini. Mwaka 1807 biashara yenyewe ikapigwa marufuku.

Halafu 1833 Bunge likapitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi, na likatenga fidia ya pauni milioni 20. Fidia kwa nani? Kwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata peni. Serikali ilikopa ili kulipa hizo pesa, na lile deni lilimalizika kulipwa 2015. Yaani wewe ulikuwa umeshazaliwa. Na Juni 2020, soko la bima la Lloyd's la London, lililoanzia kwenye mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd karne ya 17, likaomba radhi hadharani kwa nafasi yake katika biashara ya watumwa.

Ukiangalia vizuri, ni kosa lilelile mara mbili. Mwaka 1783 korti iliuliza nani amepoteza mali. Mwaka 1833 Bunge likauliza nani anapoteza mali. Aliyepoteza maisha, mguu, mtoto, hakuwa kwa hesabu.

Mtu wa tatu anaingia chumbani

Sasa turuke mpaka zama za magari. Mkataba wa bima ya gari ni wa watu wawili: mwenye gari na kampuni. Gari likimgonga mtu barabarani, huyo mtu hakusaini chochote. Yeye ni mtu wa tatu.

Kwa muda mrefu sheria ya Uingereza ilimwacha huyo mtu wa tatu nje. Alikuwa na haki ya kumshtaki aliyemgonga, lakini si kampuni ya bima. Mwaka 1928 korti ya huko iliamua kesi iliyoonyesha ubaya wake. Mtu aliumizwa na gari la kampuni moja, akashinda kesi. Ile kampuni ikafilisika. Bima ikalipa, lakini pesa zikaingia kwa mfuko wa mfilisi, zikagawanywa kwa wadai wote. Yaani pesa zilizotoka kwa sababu ya jeraha lake zikalipa madeni ya watu wengine, na yeye akapanga foleni pamoja nao.

Kelele zikapigwa. Mwaka 1930 Bunge likabadilisha mambo kwa sheria mbili. Moja ikalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu. Nyingine ikasema aliyefilisika akiwa na bima, haki yake dhidi ya bima inahamia kwa yule aliyeumizwa.

Wakoloni wakaleta wazo hilo huku miaka ya 1940, na ndiyo sheria tunayoita Cap 405. Kile cheti cha bima unachoonyeshwa na mwenye gari kimetoka hapo. Kifungu chake cha 10 ndicho kinachomhusu anti yangu: korti ikishaamua aliyeumia alipwe, kampuni ya bima ya gari hilo inapaswa kulipa hiyo hukumu, mradi iliarifiwa kuhusu kesi kwa wakati. Ikikataa, unaweza kufungua kesi ya pili dhidi ya kampuni yenyewe. Mwaka 2006 bunge letu liliweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja.

Kwa hivyo kisheria, anti, anakujua. Sheria imemlazimisha akujue. Safari ya kutoka kwa Zong mpaka kwa hicho kifungu ni ya zaidi ya miaka 150, na maana yake ni moja: mtu aliyeumia si mzigo ndani ya mkataba wa wengine, ana haki yake mwenyewe.

Na kuna kitu kinanichekesha kwa uchungu. Jina matatu linasemekana limetoka kwa nauli ya zamani ya senti kumi tatu. Gari la tatu, likibeba mtu wa tatu.

Sasa mbona faili bado iko chini ya godoro?

Kwa sababu haki bila mfuko ni karatasi. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafiri wa umma, na biashara ikalipuka. Kampuni chache zikawa tayari kuzikatia bima, maana ajali zilikuwa nyingi. Zilizokubali zikashindana kwa bei. Ukiuza ahadi kwa bei ya chini kuliko hasara zinazokuja, unalipa madai ya jana kwa ada ya leo. Hiyo inaenda vizuri mpaka siku ada ya leo haitoshi. Na njia rahisi ya kuchelewesha hiyo siku ni kuchelewesha madai. Leta karatasi nyingine. Ngoja mchunguzi. Tukate rufaa.

Mifano iko kwenye rekodi. Kenya National Assurance, ambayo ilikuwa ya serikali, iliingia kwenye ufilisi 1996. United Insurance, iliyokuwa na matatu nyingi, ikawekwa chini ya msimamizi 2005. Blue Shield ikafuata 2011. Kila moja ilipoanguka, kuna watu kama anti walikuwa na hukumu mkononi. Na kuna wenye matatu waliolipa ada yao vizuri na bado dalali akaweza kubisha kwao, kwa sababu bima ikishindwa, deni linamrudia aliyeshtakiwa.

Serikali haikukaa bure kabisa. Sheria ya Bima inataka madai yalipwe ndani ya siku 90. Tangu 2007 kuna mamlaka ya kusimamia bima, ile IRA, ambayo unaweza kuipelekea malalamiko bila wakili. Tangu 2005 kuna mfuko wa kufidia wenye sera wa kampuni zilizoanguka. Angalia risiti ya bima yoyote, kuna asilimia 0.25 unayokatwa kwa ajili yake. Lakini kwa miaka kadhaa kikomo cha mfuko huo kimekuwa shilingi 250,000 kwa kila mdai. Kama korti ilikupa laki nane kwa mguu wako, fanya hesabu mwenyewe.

Najua kuna msomaji atasema, "Lakini watu pia wanaibia hizi kampuni." Ni kweli, na sikatai. Ajali za uongo zipo, mawakili wanaonunua majeruhi hospitalini wapo, na kila shilingi inayoibwa hivyo inatoka kwa mfuko ambao anti angelipwa nao. Zong yenyewe ilikuwa madai ya uongo, na walioyafichua ni wachunguzi wa bima. Ndiyo maana sisemi waache kuuliza maswali. Nasema maswali yale makali yaliyoulizwa 1783 yalielekezwa kwa wenye meli, watu wenye mali na mawakili, na yalifanyika kwa kikao cha wazi. Huku kwetu yanaelekezwa kwa mama mwenye magongo anayeambiwa arudi wiki ijayo na nakala nyingine ya P3. Na ile kampuni yenyewe, nani anaiuliza iko na galoni ngapi za maji?

Hiyo ndiyo hoja yangu. Uchunguzi mkali uanze kwa kampuni kabla ya ajali, si kwa majeruhi baada ya ajali. Kampuni ambayo haina pesa za kulipa madai ya mwaka jana isiruhusiwe kuuza cheti kingine leo asubuhi. Msimamizi anapongoja mpaka simu ziache kushikwa ndipo aingie, wale waliokuwa kwa matatu wameshatupwa.

Kabla niende

Nilirudi kwa anti na daftari langu. Nikamweleza kuhusu kifungu cha 10, kuhusu kwenda IRA, kuhusu kumwandikia msimamizi wa ile kampuni ili jina lake liwe kwa orodha ya wadai. Alisikiza mpaka mwisho. Akauliza, "Na hao watu wa meli, majina yao yako wapi?"

Nikamwambia hayako. Kilichobaki ni idadi tu, na hata hiyo ilitajwa kwa sababu kila mmoja alikuwa pauni 30.

Akanyamaza. Akatoa ile faili, tukaanza kupanga karatasi kwa tarehe. Abstrakti juu, hukumu chini yake, risiti mwisho. Mbili zilikuwa zimefifia mpaka wino hauonekani, kwa hivyo Jumatatu asubuhi tunaenda hospitalini kuomba nakala, na kutoka hapo tunapeleka malalamiko.

Kama nyumbani kwenu kuna faili kama hiyo, itoe. Piga kila karatasi picha leo usiku, kabla wino haujaisha. Andika tarehe ya kila simu na jina la aliyeishika. Usikubali jibu la mdomo, omba liandikwe. Lile daftari la Zong lilipotea, na mpaka leo ndilo pengo kubwa katika stori yote.

Nitawaambia Jumatatu ilikuwaje.